Karatasi ya damu kabla ya kutolewa kibofu: Namba zinazotisha familia na maana yake

Picha ya karatasi ya maabara ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp la familia, dakika tano hazipiti kila mtu amekuwa daktari.

Chukulia familia moja ya mfano tu, lakini inayofanana na nyingi za Kanda ya Ziwa. Baba ana miaka 58 na amelima mpunga Misungwi tangu ujana wake. Kwa miezi saba amekuwa akikojoa damu inayokuja na kupotea, bila maumivu. Duka la dawa lilimpa vidonge vya UTI mara mbili, zahanati ikampa mara ya tatu. Alipofika hospitali kubwa, kipimo cha kamera kilionyesha uvimbe ndani ya kibofu cha mkojo. Kinyama kikakatwa, na majibu yakasema saratani imeshaingia kwenye msuli. Madaktari wanashauri kibofu kiondolewe chote.

Kabla ya tarehe ya upasuaji, damu inachukuliwa. Binti mkubwa anaipiga picha karatasi ya majibu na kuirusha kwenye kundi. Mdogo wake aliye chuoni anazitafuta zile herufi mtandaoni, anagawanya namba mbili kwa kikokotoo cha simu, kisha anaandika: "Dada, uwiano wa baba ni 4.5. Huku wanasema ukivuka 3 watu hawakai." Baba mdogo, aliyekubali kuuza ng'ombe ili kuchangia gharama, anauliza swali ambalo hakuna aliyetaka kulisikia: "Sasa tunauza kwa ajili ya nini?"

Swali hilo si la kukasirikia. Uwiano ule haukubuniwa na watu wa mtandaoni. Upo kweli, na umeandikiwa tafiti nyingi. Ambacho kijana wa chuo hakukiona kwenye simu yake ni kile unachopima, ulipimwa kwa akina nani, na unaweza kubadilika kwa kasi gani.

Mcharuko unavyoonekana kwenye damu

Mtu akijikata kidole, sehemu ile huvimba, hupata joto, hugeuka nyekundu na kuuma. Huo ndio mcharuko, yaani namna mwili unavyopambana na jeraha au vijidudu na kuanza ukarabati. Kidonda kikipona, mcharuko hutulia.

Kwenye saratani hautulii. Mwaka 1863 daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, aliandika kuhusu chembe nyeupe za damu alizoziona ndani ya uvimbe wa saratani. Zaidi ya miaka 120 baadaye, mwaka 1986, mtaalamu wa patholojia wa Marekani, Harold Dvorak, akaufananisha uvimbe wa saratani na kidonda kisichopona. Uvimbe huuita mwili uje kukarabati, mwili huitika, na kazi haiishi.

Sehemu ya kelele hizo husikika kwenye damu. Kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho wengi wanakijua kwa herufi FBP, huhesabu chembe nyeupe na kuzigawa kwa aina. Mbili ndizo zinazohusika hapa. Ya kwanza ni neutrofili, ambazo kwenye karatasi huandikwa NEUT. Hizi ndizo za kwanza kufika kwenye tukio. Hutengenezwa kwa wingi kwenye uboho, huishi muda mfupi, na huongezeka haraka mwili unapopata maambukizi au mshtuko. Ya pili ni limfosaiti, au LYM. Ndani ya kundi hili zimo chembe zinazoweza kuitambua seli iliyogeuka saratani na kuiua.

Tumezoea kuziita zote askari wa mwili. Ni lugha nzuri kwa watoto wa shule, ila hapa inapotosha kidogo, kwa sababu neutrofili zikikaa muda mrefu kwenye uvimbe zinaweza kugeuka kuwa mafundi wa adui. Hutoa kemikali zinazosaidia mishipa mipya ya damu kuota kuelekea kwenye uvimbe na kulegeza tishu zinazouzunguka. Ndiyo maana watafiti walijiuliza: mgonjwa mwenye neutrofili nyingi na limfosaiti chache, je, yuko kwenye hali mbaya zaidi kuliko mwenzake?

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Unachukua idadi ya neutrofili, unagawanya kwa limfosaiti. Baba wa mfano wetu alikuwa na 7.2 na 1.6, ndiyo maana jibu likawa 4.5. Mwaka 2001 daktari wa Slovakia aitwaye Zahorec aliupendekeza uwiano huu kama njia rahisi ya kupima msongo wa mwili kwa wagonjwa mahututi. Baadaye wataalamu wa saratani wakauchukua, na ni rahisi kuona sababu. FBP hufanyika hata hivyo kabla ya upasuaji, kwa hiyo namba hiyo haiongezi hata shilingi moja.

Karatasi hiyo ina ndugu wengine wa mcharuko. Chembe sahani, zinazoandikwa PLT, nazo hupanda. Hospitali yenye vifaa inaweza kupima CRP, protini inayotengenezwa na ini mwili unapowaka, iliyogunduliwa mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Ipo pia albumini, ambayo hufanya kinyume: hushuka mcharuko unapozidi, na hushuka pia mtu anapokosa lishe. Wataalamu wa Glasgow, Scotland, waliunganisha mbili hizi kuwa alama moja. CRP ikizidi 10 na albumini ikiwa chini ya 35, mgonjwa huhesabiwa kuwa kwenye kundi lenye hatari zaidi.

Tafiti zilivyosema, na ule uliokataa

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, uliowafuatilia wagonjwa 899 walioondolewa kibofu kwa sababu ya saratani. Waliokuwa na uwiano wa 2.7 au zaidi kabla ya upasuaji walikutwa mara nyingi zaidi na uvimbe uliosambaa nje ya kibofu, na vifo vyao kwa saratani hiyo vilikuwa vingi zaidi katika miaka iliyofuata. Mwaka huohuo, uchambuzi uliokusanya tafiti 100 za saratani za aina mbalimbali, zenye wagonjwa zaidi ya 40,000, ulionyesha mwelekeo uleule: uwiano mkubwa, maisha mafupi zaidi.

Kijana wa chuo angeishia hapo, angeonekana ana haki. Ila upo utafiti mwingine ambao hauonekani haraka ukitafuta kwa simu, na ambao familia yoyote iliyo kwenye hali hii ingefaa kuusikia.

Kati ya mwaka 1987 na 1998, hospitali za Marekani ziliandikisha wagonjwa 317 wenye saratani ya kibofu iliyoingia kwenye msuli. Kwa kura, nusu walipelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji, nusu walipewa kwanza dawa za kemotherapi kisha wakapasuliwa. Matokeo yalitoka mwaka 2003. Nusu ya waliopasuliwa tu walikuwa hai hadi miezi 46. Kwa walioanza na kemotherapi, nusu walikuwa hai hadi miezi 77. Tofauti hiyo ya zaidi ya miaka miwili na nusu ndiyo iliyobadilisha matibabu ya ugonjwa huu.

Karatasi za damu za wagonjwa wale zilikuwa zimetunzwa. Mwaka 2017 watafiti walirudi kwenye kumbukumbu hizo, wakapiga hesabu ya neutrofili kwa limfosaiti za zaidi ya watu 200 kati yao na kuilinganisha na muda ambao kila mmoja aliishi. Hawakukuta uhusiano. Uwiano haukutabiri nani angeishi zaidi, na haukusaidia kujua nani angenufaika na kemotherapi.

Inawezekanaje tafiti nyingi ziseme ndiyo na huu useme hapana? Sababu mojawapo ni jinsi zilivyofanywa. Nyingi zilifungua mafaili ya zamani ya hospitali moja, zikatazama nani amefariki na nani yuko hai, kisha zikatafuta namba inayotenganisha makundi hayo vizuri. Ndiyo maana mpaka wa hatari hubadilika kutoka utafiti hadi utafiti: mmoja husema 2.5, mwingine 3, mwingine 5. Ule wa 2017 ulitumia wagonjwa walioandikishwa kwa vigezo vilivyopangwa mapema, wakafuatiliwa kwa miaka mingi kwa utaratibu mmoja. Ushahidi wa namna hiyo una uzito wake.

Hata tafiti zilizosema ndiyo zinazungumzia makundi. Ndani ya kundi la uwiano mkubwa wapo walioishi miaka mingi, na ndani ya kundi la uwiano mdogo wapo waliofariki mapema.

Wagonjwa wale si baba yako

Jambo jingine linahusu majaruba ya mpunga.

Nchi nyingi tafiti hizi zilikotoka, saratani ya kibofu ni ya aina inayohusishwa zaidi na uvutaji wa sigara. Kanda ya Ziwa hadithi ni nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliopitia kumbukumbu za wagonjwa 185 kaskazini magharibi mwa Tanzania, ulikuta zaidi ya nusu wana aina ya chembe bapa, ambayo inahusishwa na kichocho cha mkojo. Takribani asilimia 45 ya wagonjwa hao walikuwa na mayai ya kichocho kwenye vinyama vyao.

Kichocho cha mkojo huambukizwa kwenye madimbwi, malambo na majaruba wanamoishi konokono wake. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga mayai. Mayai mengine hutoka na mkojo, mengine hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kukaa humo miaka. Mwili huyazingira kwa mcharuko, siku baada ya siku, kuanzia utoto hadi utu uzima. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, ilimweka mnyoo huyo kwenye orodha ya visababishi vya uhakika vya saratani mwaka 1994. Baba wa Misungwi anaweza kuwa ameishi na mcharuko wa kibofu tangu akiwa na miaka minane, muda mrefu kabla ya uvimbe wowote. Mpaka wa 2.7 uliopatikana Minnesota haukumfikiria yeye.

Damu yenyewe nayo inatofautiana. Watu wengi wenye asili ya Afrika huzaliwa wakiwa na neutrofili chache kuliko Wazungu, na si wagonjwa. Hutokana na tofauti ya kijeni inayogusa kundi la damu la Duffy, ileile inayowakinga dhidi ya malaria ya aina ya vivax. Kwa mtu wa namna hiyo uwiano unaweza kusomeka mdogo hata mwili ukiwa kwenye vita. Kwa upande mwingine, anayeishi na virusi vya Ukimwi bila kutumia dawa anaweza kuwa na limfosaiti pungufu, na uwiano wake ukapanda kwa sababu isiyohusu kibofu.

Kisha yapo ya kawaida kabisa. Mpira wa mkojo uliokaa wiki mbili huleta maambukizi kwa urahisi, na maambukizi hupandisha neutrofili. Jino bovu, nimonia au kidonda cha mguu kinaweza kufanya hivyohivyo. Dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni na prednisoloni ambazo huuzwa madukani kama njugu, hupandisha neutrofili na kushusha limfosaiti kwa pamoja.

Turudi kwa baba wa mfano. Tuseme siku ile ya FBP alikuwa na mpira wa mkojo na homa kidogo. Mkojo ukaoteshwa maabara, akapewa antibayotiki inayofaa, na baada ya siku kumi damu ikapimwa tena: neutrofili 4.8, limfosaiti 2.0. Uwiano ni 2.4. Mtu ni yuleyule na uvimbe ni uleule, lakini sasa yuko upande wa pili wa mstari uliowanyima watu usingizi kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa nini madaktari hawaamui kwa namba hiyo

Uamuzi wa kuondoa kibofu hutegemea mambo yanayoonekana moja kwa moja: uvimbe umezama kiasi gani, picha za CT zinaonyesha nini kwenye tezi na viungo vingine, figo zinafanya kazi vipi, moyo na mapafu vitahimili upasuaji mrefu au la. Kwa mwanaume huondolewa kibofu pamoja na tezi dume, kwa mwanamke mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Kisha kipande cha utumbo mwembamba hutumika kutengeneza njia mpya ya mkojo, ambayo kwa wagonjwa wengi hutokea tumboni na kuvalishwa mfuko. Ni upasuaji mkubwa, na familia inayojiuliza kama ng'ombe wauzwe ina haki ya kuambiwa hivyo waziwazi.

Kusubiri nako kuna gharama. Saratani ikishaingia kwenye msuli, kuchelewesha upasuaji zaidi ya takribani wiki 12 tangu kugundulika kumehusishwa na matokeo mabaya zaidi, isipokuwa pale muda huo unapotumika kutoa kemotherapi. Wiki tatu za kubishana juu ya uwiano ni wiki tatu zilizokatwa humo.

Namba za mcharuko zina kazi, ila ni ya kiasi. Daktari akiona neutrofili ziko juu, hutafuta maambukizi kabla ya kupasua. Akiona albumini iko chini, huuliza mgonjwa anakula nini. Damu ikiwa pungufu kutokana na miezi ya kukojoa damu, huipandisha kwanza. Hapa ndipo familia ina nafasi kubwa kuliko inavyodhani. Mayai, dagaa, maharage, maziwa na samaki kwa wiki chache kabla ya upasuaji vina maana zaidi kuliko kikokotoo cha simu. Kuacha sigara kabisa pia, hata kama imebaki wiki nne tu. Na mzee atembee kila siku kadiri anavyoweza, badala ya kulazwa kitandani kwa huruma.

Kitu kisichofaa ni kununua "dawa ya kushusha mcharuko." Sasa hivi neno hilo limekuwa biashara, kuanzia juisi za majani hadi vidonge vya diklofenaki vinavyomezwa kama peremende. Hakuna ushahidi kwamba kuishusha namba kwa njia hizo humwongezea mgonjwa wa saratani ya kibofu siku hata moja. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki zinaweza kuharibu figo, na mgonjwa mwenye uvimbe wa kibofu mara nyingi mkojo wake tayari unapita kwa shida kutoka kwenye figo. Figo zikishuka, baadhi ya dawa muhimu za kemotherapi haziwezi kutolewa.

Chanjo ya begani

Kuna kichekesho kimoja kwenye habari hii ambacho kila mzazi anakibeba mwilini mwake au kwa mtoto wake. Lile kovu dogo la begani ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu inayotolewa kwa watoto wachanga. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales wa Kanada alichapisha matokeo ya kuiingiza BCG ndani ya kibofu chenye saratani kwa kutumia mpira wa mkojo. Bakteria wale dhaifu huwasha mcharuko mkali kwenye utando wa kibofu, limfosaiti huitwa, na uvimbe hushambuliwa. Hadi leo ni moja ya tiba kuu za saratani ya kibofu ambayo haijaingia kwenye msuli.

Kwa hiyo mcharuko uleule unaohofiwa kwenye karatasi ya damu, ukiwashwa mahali sahihi na wakati sahihi, huweza kuokoa kibofu. Tatizo ni hilo neno "wakati." Tiba hiyo ni ya waliowahi. Mtu mzima anayekojoa damu hata mara moja, hata bila maumivu, hata ikipotea yenyewe, anahitaji kibofu kitazamwe, na si kozi ya tatu ya vidonge vya UTI. Mtoto anayetoka kuogelea bwawani na kurudi na mkojo mwekundu apimwe kichocho. Dawa yake, prazikwanteli, ni ileile inayogawiwa shuleni.

Ya kumuuliza daktari

Familia ya mfano wetu ikienda kliniki, kijana wa chuo anaweza kuibeba karatasi yake. Daktari hatakasirika. Aulize hivi: Je, baba alikuwa na maambukizi siku damu ilipochukuliwa, na itapimwa tena? Saratani yake ni ya aina gani, ya chembe bapa au ile nyingine? Figo zake zinaruhusu kemotherapi kabla ya upasuaji? Picha za CT zinaonyesha nini kwenye tezi?

Baba mdogo naye aulize la kwake: upasuaji utakuwa lini, bima inalipia nini, na mifuko ya mkojo itanunuliwa wapi na kwa bei gani kila mwezi. Baada ya upasuaji, kibofu kilichotolewa hupelekwa patholojia pamoja na tezi zake. Majibu hayo, yanayoonyesha uvimbe ulifika wapi hasa na kama tezi zilikuwa safi, hueleza ya mbele kwa uhakika mkubwa kuliko FBP yoyote. Nakala yake iombwe, itunzwe kwenye faili, na iende na mgonjwa kila kliniki.